Kukosa si Kutelekeza: Uhakiki wa Msamiati wa Kanuni za Kuzisaidia Familia za Jamii Asilia katika Mifumo ya Ustawi wa Mtoto

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini tatu za Amerika ya Kaskazini zinazoongoza namna serikali inavyopaswa kuzisaidia familia za jamii asilia pale ustawi wa mtoto unapokuwa mashakani: sheria ya Marekani ya mwaka 1978, waraka wa kanuni uliotokana na mkutano wa Niagara Falls mwaka 2005, na sheria ya Kanada ya mwaka 2019. Matini hizo zinasomwa kwa jicho la lugha, hasa kwa kuuliza maneno yake ya msingi yanafanya kazi gani na yatafanya kazi gani yakihamishiwa katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kanuni njema huweza kubatilishwa na neno moja la tafsiri, na kwamba hatari hiyo inaihusu kanda hii moja kwa moja, kwa kuwa Kiswahili ndicho lugha ambayo familia nyingi za jamii asilia hukutana nayo katika ofisi ya ustawi wa jamii.

1. Utangulizi

Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa watoto wa jamii asilia walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wenye umri usiozidi miaka 14. Miongoni mwa watoto wa umri huo waliokuwa wakiishi kwa walezi wa kambo katika nyumba binafsi, walikuwa asilimia 53.8. Nchini Marekani, uchunguzi uliofanywa mwaka 1969 na 1974 na Association on American Indian Affairs ulikadiria kuwa kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wa jamii hizo walikuwa wametenganishwa na familia zao na kuwekwa kwa walezi wa kambo, kwa wazazi wa kuasili au katika taasisi. Takwimu hizo ndizo zilizolifikisha Bunge la Marekani kwenye sheria ya mwaka 1978.

Hali hiyo haikutokana na watu waliotamka wazi kwamba wanataka kuzivunja familia. Maofisa wengi walioingia katika nyumba hizo waliamini kuwa wanaokoa watoto. Mradi wa kuasilisha watoto ulioendeshwa Marekani kati ya mwaka 1958 na 1967, kwa ushirikiano wa idara ya serikali na shirika la ustawi wa watoto, uliwahamisha mamia ya watoto kwenda katika familia za Wazungu, na ulielezwa kwa lugha ya hisani. Kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa kilichotokea hana budi kuichunguza lugha hiyo: ilimwita nani mzazi, iliita nini uzembe, na ilipima kwa kipimo cha nani nyumba inayofaa kulea.

2. Matini zinazohakikiwa

Sheria ya Marekani ya mwaka 1978, inayojulikana zaidi kwa kifupisho ICWA, iliweka masharti mazito kabla ya mtoto kuondolewa. Anayetaka kumwondoa mtoto lazima athibitishe kuwa juhudi za vitendo zilifanywa kuiepusha familia na mtengano, na kuwa juhudi hizo hazikufaulu. Haki za mzazi haziwezi kukatwa bila ushahidi usioacha shaka ya msingi, kiwango ambacho kwa kawaida hutumika katika kesi za jinai. Tarehe 15 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha sheria hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2.

Waraka wa Niagara Falls, uliotokana na mkutano wa Oktoba 2005, una kanuni tano: jamii kujiamulia mambo yake, utamaduni na lugha, mtazamo unaomwona mtoto kwa ukamilifu wake, hatua za kimuundo, na kutobagua. Pamoja nazo kuna hatua nne za upatanisho: kusema ukweli, kukiri, kurejesha kilichoharibiwa, na kujenga uhusiano upya. Waraka huu hauna nguvu ya kisheria. Nguvu yake ni kwamba kila jamii huachiwa kuzifasiri kanuni hizo kwa mujibu wa mazingira yake.

Sheria ya Kanada ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, inahusu watoto, vijana na familia za Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis. Imejengwa juu ya kanuni tatu: maslahi bora ya mtoto, mwendelezo wa utamaduni, na usawa wa kweli badala ya usawa wa maandishi tu. Mahakama ya juu ya nchi hiyo iliikubali sheria yote kuwa halali kikatiba tarehe 9 Februari 2024.

Matini hizi tatu zinatofautiana kwa aina na kwa nguvu, ila zote zinategemea maneno machache yanayobeba uzito wa uamuzi. Maneno hayo ndiyo yanayochunguzwa hapa.

3. Neno "asili" na mizigo yake

Tatizo la kwanza linaanzia kwenye jina. Sheria ya 1978 ikitafsiriwa neno kwa neno huwa "Sheria ya Ustawi wa Mtoto wa Kihindi". Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atafikiri mara moja juu ya majirani wenye asili ya Gujarat, si juu ya Wanavajo au Walakota. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa kamusi na ni potofu kwa msomaji.

Majina mbadala nayo yana mizigo. "Wenyeji" ni pana mno, kwa sababu kila mkaaji wa mahali ni mwenyeji kwa mgeni wake. "Wazawa" nchini Tanzania hubeba mjadala wa umiliki wa uchumi, mjadala ambao haukuhusu Wahadzabe wala Waakie. "Watu wa asili" hupeleka fikra kwenye maonyesho ya ngoma na mavazi. Nchini Rwanda sera hupendelea kuzungumzia jamii zilizoachwa nyuma kihistoria, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huziingiza jamii za wawindaji na wakusanyaji ndani ya kundi la jamii zilizotengwa. Makala haya yanatumia "jamii asilia" kwa kuwa angalau hutaja kundi lenye historia na mamlaka yake.

Mzizi huohuo umo katika kitenzi kingine cha uwanja huu: kuasili. Katika Kiswahili cha sheria, kumwasili mtoto ni kumchukua awe mtoto wako kisheria. Neno linapendeza, kwani linamwahidi mtoto asili mpya. Hata hivyo, hapo ndipo familia za jamii asilia zilipoumia. Watoto wao walipewa asili nyingine kana kwamba ya kwanza inaweza kufutwa kwa hati ya mahakama. Neno la zamani zaidi, "mtoto wa kupanga", halikudai hivyo. Vilevile utaratibu wa kafala, unaofahamika na Waislamu wa pwani na unaotambuliwa na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, humpa mtoto mlezi bila kumvua nasaba yake. Kiswahili basi kina hazina ya kutofautisha malezi na uasilishaji, lakini tafsiri za sera mara nyingi huishia kwenye "kuasili" na kuyaacha mengine.

Methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa hutajwa sana katika mijadala ya utamaduni. Katika suala hili inahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu inamtwika lawama anayeacha. Mtoto aliyehamishwa na ofisi akiwa na miaka miwili hakuacha chochote. Aliachishwa, na kauli ya kitenzi hicho ndiyo inayoonyesha aliyewajibika.

4. Familia ni nani?

Sheria ya 1978 huwapa ndugu kipaumbele katika kumpokea mtoto, na kwanza huiachia sheria au desturi ya kabila la mtoto iamue ndugu ni nani. Pasipo desturi iliyobainishwa, hutoa orodha: babu na bibi, wajomba na shangazi, kaka na dada, mashemeji, wapwa, binamu wa kwanza na wa pili, na mzazi wa kambo. Mfasiri wa Kiswahili anakwama katika neno la pili. Kwa Kiingereza, ndugu wa kiume wa baba na ndugu wa kiume wa mama wana jina moja. Kwa Kiswahili wa pili ni mjomba, na wa kwanza ni ami, au baba mkubwa na baba mdogo. Baba mdogo huitwa baba, na katika nyumba nyingi hutenda kama baba.

Hali hii si ya Waswahili peke yao. Katika Kilakota, ndugu wa kiume wa baba huitwa kwa neno lilelile analoitwa baba, na dada wa mama kwa neno la mama. Ofisa aliyeingia katika nyumba ya Walakota na kumkuta mtoto na "mama" ambaye hakumzaa aliandika kuwa mzazi hayupo. Kwa lugha ya mtoto, mzazi alikuwepo.

Kwa kipimo hiki sheria ya Kanada imepiga hatua. Inaihesabu familia kuwa ni pamoja na mtu ambaye mtoto mwenyewe, au jamii yake kwa mila zake, humwona kuwa ndugu wa karibu. Ufafanuzi huo unaitoa ofisini mamlaka ya kusema ndugu ni nani. Hata hivyo, orodha ya vipaumbele katika sheria hiyohiyo inamtanguliza mzazi, kisha mwanafamilia mwingine aliye mtu mzima, kisha mtu wa jamii ya mtoto, kisha mtu wa jamii asilia nyingine, na mwisho mtu yeyote. Mpaka kati ya nafasi ya kwanza na ya pili unaeleweka Ottawa. Katika jamii ambamo mama mdogo ni mama, mpaka huo unahitaji kufafanuliwa kabla ya kutumiwa.

5. Kukosa na kutelekeza

Sehemu yenye uzito mkubwa zaidi katika sheria ya 2019 ni ile inayokataza mtoto kuondolewa kwa sababu tu ya hali ya kiuchumi na kijamii, ikiwamo umaskini, ukosefu wa nyumba au miundombinu ifaayo, au hali ya afya ya mzazi. Katazo hilo linajibu historia ndefu ambamo paa linalovuja liliandikwa kama uzembe wa mama.

Neno la Kiingereza linalotumika kwa uzembe huo halisemi kama mzazi hakutaka au hakuweza. Kiswahili hulitafsiri kwa kawaida kuwa "kutelekeza", na hapo utata hugeuka hukumu. Anayetelekeza huondoka na kuacha kwa hiari yake. Mama asiye na maji safi kwa sababu bomba halijafikishwa katika makazi yake hajatelekeza mtu. Ikiwa ripoti yake itajazwa Kiswahili katika fomu yenye kisanduku cha "kutelekeza", atakuwa amehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Kitenzi kinachofaa zaidi ni "kukosa", lakini nacho kina pande mbili. Mtoto anayekosa chakula hana chakula. Mtu aliyekosa amefanya kosa. Lugha imeziweka karibu maana mbili ambazo sheria ya Kanada inataka zitenganishwe, na ukaribu huo unafichua jambo: ni rahisi sana, katika lugha yoyote, kuteleza kutoka kwa asiyekuwa nacho hadi kwa mwenye hatia. Kwa sababu hiyo nyaraka za Kiswahili zinahitaji vitenzi vitatu vilivyotengwa waziwazi: mtoto anayekosa kwa sababu familia haina, mtoto anayenyimwa na mtu mwenye uwezo wa kumpa, na mtoto aliyetelekezwa. Wa kwanza anahitaji msaada upelekwe nyumbani kwao. Wa pili na wa tatu wanahitaji ulinzi. Kanuni ya 2019 haimzuii ofisa kumlinda mtoto anayepigwa au anayenyimwa. Inamzuia kulitibu kosa lisilokuwepo.

Yapo maoni kwamba mjadala wa maneno ni anasa, na kwamba familia hizi zinahitaji fedha. Uamuzi wa Baraza la Haki za Binadamu la Kanada wa tarehe 26 Januari 2016 unaonyesha kuwa mambo hayo mawili hayatenganiki. Baraza liliona kuwa serikali ya shirikisho iliwabagua watoto wa Mataifa ya Kwanza katika huduma zao, na kwamba muundo wa fedha wenyewe ulisukuma watoto waondolewe: gharama za mtoto aliyekwisha kuondolewa zilirudishwa kamili, ilhali fedha za kuisaidia familia ibaki pamoja ziliwekewa ukomo. Jina alilopewa mtoto ndilo lililoamua fungu la bajeti. Sheria ya 2019 yenyewe haikulimaliza tatizo hilo, kwa sababu wito wa fedha za uhakika umewekwa katika dibaji, na ndani ya vifungu suala la fedha limeachiwa makubaliano ya baadaye.

6. Juhudi za nani, maslahi ya nani

Sheria ya 1978 ilidai juhudi za vitendo lakini haikuzifafanua. Ufafanuzi wenye nguvu ya kanuni ulikuja mwaka 2016, miaka 38 baadaye, uliposema kuwa juhudi hizo ziwe za makusudi, za kina na za wakati. Katika kipindi hicho chote ofisi ziliweza kumpa mama karatasi yenye majina ya huduma na kuandika kuwa juhudi zimefanyika. Kwa Kiswahili hatari inaongezeka, kwa kuwa "juhudi" hutumika kwa jambo lolote lililojaribiwa. Tafsiri inayofaa itaje kitendo: ofisa ampeleke mama kwenye huduma, ahakikishe amepokelewa, na aondoe kikwazo cha nauli au cha lugha.

Hapa pia linaonekana tatizo la kauli ya kutendwa. "Mtoto asiondolewe" na "familia isaidiwe" ni sentensi zisizo na mtendaji. Waraka wa 2005, kwa uzuri wake wote, una sentensi nyingi za namna hiyo. Maisha ya Jordan River Anderson wa Norway House Cree Nation yanaonyesha gharama yake. Alizaliwa mwaka 1999 akiwa na mahitaji makubwa ya matibabu. Madaktari waliporidhika kuwa anaweza kulelewa nyumbani, serikali ya shirikisho na serikali ya jimbo zilibishana ni ipi ilipe. Alifariki mwaka 2005 hospitalini, akiwa na miaka mitano, bila kuishi hata siku moja katika nyumba ya familia. Wote walikubali kuwa ahudumiwe. Hakuna aliyetajwa kuwa amhudumie. Kanuni iliyopewa jina lake, iliyopitishwa na Bunge la Kanada Desemba 2007, ina nguvu kwa sababu inamtaja mtendaji: serikali inayofikiwa kwanza na ilipe, mabishano yafuate baadaye.

"Maslahi bora ya mtoto" nayo ni tafsiri iliyozoeleka mno kiasi kwamba haihojiwi. Katika matumizi ya kila siku maslahi ni mishahara na stahili, au ni "maslahi binafsi" yanayopingana na ya wengine. Neno hilo humchora mtoto kama mdai aliyesimama dhidi ya wazazi wake. Sheria ya Kanada inajaribu kuzuia usomaji huo kwa kuweka pamoja usalama wa mtoto na uhusiano wake na familia, jamii na utamaduni. Tafsiri ya Kiswahili ingeutunza mkabala huo vizuri zaidi kwa kutumia "ustawi", neno ambalo halimtengi mtoto na wale anaostawi kati yao.

7. Kiswahili mbele ya mtoto wa jamii asilia

Kanuni ya pili ya waraka wa 2005 huweka lugha na utamaduni mahali pamoja. Wataalamu wa Kiswahili huipokea kanuni hiyo kwa furaha, kwa kuwa Kiswahili kimepigania nafasi yake dhidi ya lugha za kikoloni. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwaka huohuo Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Hayo ni mafanikio ya kweli kwa mamilioni ya watu waliokuwa wakihukumiwa kwa lugha wasiyoielewa.

Kwa mtoto wa Kihadzabe karibu na Ziwa Eyasi, kwa familia ya Waogiek wa Mau, au kwa wazee wa jamii za Wambuti wa Ituri, picha ni tofauti. Kwao Kiswahili ni lugha ya shule, ya polisi na ya afisa ustawi wa jamii. Kimekaa mahali ambapo Kiingereza kilikaa kwa Wakrii. Nyanya asiyeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini mtoto analala nyumba tatu tofauti kwa wiki anaweza kuandikwa kuwa hana maelezo. Hukumu ya Mahakama ya Afrika ya tarehe 26 Mei 2017 iliyowatambua Waogiek kuwa jamii asilia ilihusu ardhi, dini na utamaduni. Haki hizo hazitakamilika ikiwa malezi yao yatapimwa kwa msamiati wasioshiriki kuuunda.

Nchi za kanda hii zimeanza kuwarudisha watoto kutoka makao ya taasisi kwenda katika familia. Kenya ina mkakati wake wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032. Rwanda ilianza mapema zaidi, mwaka 2013, na mpango wake ukapewa jina la Kinyarwanda, Tubarerere mu Muryango, linalomwambia mwananchi wa kawaida moja kwa moja kwamba tuwalee watoto katika familia. New Zealand nayo, katika sheria yake ya mwaka 1989, iliyaacha maneno ya Kimaori whānau, hapū na iwi ndani ya matini ya Kiingereza badala ya kuyalazimisha yaingie katika neno la kigeni la familia. Kiswahili, kilichojengeka kwa kupokea maneno, hakitapoteza chochote kikifanya hivyo kwa istilahi za ukoo za Kihadza au za Kiogiek.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa matini tatu zilizochunguzwa zina maarifa yanayofaa kuigwa, na kwamba udhaifu wake unakaa zaidi katika yale iliyoyaacha bila kufafanuliwa au bila mtendaji. Kwa watunga sera wa kanda hii yanafuata mapendekezo manne. Fomu za ustawi wa jamii zitenganishe kukosa, kunyimwa na kutelekeza. Ndugu atambuliwe kwa istilahi za jamii ya mtoto, na istilahi hizo ziandikwe kama zilivyo. Kila kanuni iwe na mtendaji aliyetajwa na fungu la fedha lililotajwa. Mwisho, mkalimani wa lugha ya familia awepo kabla ya uamuzi wowote wa kumwondoa mtoto, na gharama yake ibebwe na ofisi.

Methali ya kuwa mkono mmoja haulei mwana itaendelea kunukuliwa katika dibaji za sera. Mkono wa pili unaotajwa humo, kwa familia nyingi za jamii asilia, umekuwa ni ule uliokuja kuchukua. Kazi iliyo mbele ya wataalamu wa lugha na wa sera ni kuhakikisha kuwa, pale afisa anapobisha hodi na kuanza kuandika, neno analolichagua linampeleka kwenye kusaidia.